Mkia wa Bi Harusi

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa samaki. Si wa kukaanga. Wa kutazama.

Baba mkwe anasafiri kwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Akitoka huko atapumzika kwa dada yake mpaka daktari aridhike. Asubuhi kashuka kwenye teksi na tangi la kioo, pampu ya hewa yenye mrija, mkebe wa chakula na ndoo yenye kifuniko. Ndani ya ndoo, Bi Harusi mwenyewe.

Nieleze, maana huenda shajara hii ikasomwa nikishakuwa mtu mkubwa. Bi Harusi ni samaki wa rangi ya dhahabu, ukubwa wa kiganja, mkia mrefu mwepesi kama shela. Alinunuliwa na marehemu mama mkwe, na ndiye aliyempa jina. Tangu mama afariki, Baba mkwe humsalimia samaki huyu kila asubuhi kabla hajamsalimia mtu. Macho yenyewe yamefunga ukungu. Anachoona ni kitu cha manjano kinapita, basi. Lakini leo ameshika bega langu akasema kitu cha kwanza anachotaka kukiona kwa macho mapya ni huyu. Nikaitikia kwa sauti nzito. Mke wangu alitoka nje kidogo, akarudi macho mekundu.

Kwa nini mimi? Mke wangu anasema ni kwa sababu kwetu ni njiani. Thubutu! Ni usafi wangu. Mimi ni dobi. Mashati yangu yanasimama yenyewe.

Mwanyumba wangu, yule aliyeoa dada wa mke wangu, ni kinyozi. Namwita Wembe, na si kwa heshima. Naye ana tangi la samaki pale saluni kwake, limekaa miaka, maji yake rangi ya chai iliyozimuliwa. Baba mkwe kakataa kumwachia Bi Harusi kwa sababu ya nywele zinazoruka. Ushindi wa kwanza!

Sasa jambo lenyewe. Nyumba ya Baba mkwe ina chumba cha mbele, mlango unafungukia barabarani. Mimi nakitaka nipokelee nguo. Wembe anakitaka aongeze viti vya kunyolea. Mzee kasema ataamua akirudi. Mnaona mambo yanavyojipanga?

Aliniachia na maelekezo marefu kuhusu maji. Nilikuwa naitikia ndiyo Baba, ndiyo Baba, huku kichwani napima meza ya pasi itakaa upande gani. Mke wangu alisikiliza. Akisikiliza mmoja inatosha.

Kasoro moja tu: ncha ya mkia wa samaki ina weupe, kama imechovywa kwenye maziwa. Doa. Madoa nayajua mimi.


Jumanne, 5 Machi

Nimeichunguza sponji. Ile pampu inavuta maji kupitia sponji, na sponji inakamata takataka. Nimeibonyeza kidogo. Salale! Ute wa kahawia! Samaki wa mkwe wangu alikuwa anaishi kwenye bomba la choo na hakuna aliyesema kitu.

Mashati yakasubiri. Bi Harusi nikamtia kwenye beseni. Maji yote nikamwaga. Kioo nikakisugua mpaka kikalia. Mawe madogo ya chini nikayaloweka kwenye dawa ya madoa, ile kali ninayotumia kwa makoti ya wapishi. Sponji nikaifua kwa sabuni ya unga, maji matatu, nikaianika juani kwa vibanio. Ikawa nyeupe kama mkate. Nikajaza maji mapya moja kwa moja kutoka bombani.

Mke wangu alirudi kutoka kazini akasimama mlangoni, mkoba bado begani. Akaniuliza kama sikumsikia Baba akisema sponji isiguswe, na maji yabadilishwe robo tu, tena yaliyokaa wazi kutwa nzima. Alinionyesha ndoo aliyoitega tangu jana jikoni kwa kazi hiyo. Nikamwambia robo ya usafi ni robo ya uchafu.  Akaweka mkoba chini.

Sasa tangi linang'aa mpaka unadhani halina maji. Bi Harusi anazunguka mbio mbio, hasimami. Furaha hiyo. Nimempa chakula mara mbili kumpongeza.


Jumatano, 6 Machi

Bi Harusi ananiimbia. Amepanda juu ya maji, mdomo nje, anafungua, anafunga. Nimekaa naye nikiwa napiga pasi suruali za suti. Nimempa chakula tena kwa wimbo huo.

Mke wangu anasema haimbi. Anatafuta hewa.

Jioni wakaja Wembe na mkewe, yaani shemeji yangu, eti kusalimia. Kusalimia gani kwa macho yanayozunguka chumba kama ya mpelelezi? Wembe akainama kwenye tangi akatazama sponji. Akauliza imefanywaje. Nikasema imefuliwa. Akapiga mluzi. Mluzi mrefu, unaoshuka.

Sipendi watu wanaopiga mluzi nyumbani kwa watu. Nikamuuliza kwa upole kama kwake anafua. Akasema hapana, yeye sponji yake huisuuza kwa yale yale maji ya tangi, tena ikiziba kabisa. Nikacheka sana, nikamtazama shemeji ili naye acheke. Shemeji alikuwa anamtazama samaki.

Chumba cha mbele kinakuja chenyewe mikononi mwangu.


Alhamisi, 7 Machi

Maji yamegeuka. Asubuhi nimekuta tangi limekuwa kama maji ya wanga. Bi Harusi haonekani vizuri, anatokeza pua tu. Chakula cha jana kimelala chini, kimeota manyoya.

Mwingine angebabaika. Mimi nimeona nguo nyeupe nyingi zikipoteza rangi, na dawa yake naijua. Buluu! Chembe mbili kwenye maji ya mwisho, shati linarudi ujana. Nikazifunga kwenye kitambaa, nikazichovya, nikakoroga taratibu. Maji yakawa bahari ya kwenye kalenda. Nikarudi nyuma hatua moja kujipongeza.

Mke wangu akapiga yowe.

Sijawahi kumwona akienda kasi vile. Alinyakua chujio la chai, akamkinga Bi Harusi, akamtoa, akamtia kwenye beseni jikoni na yale maji yake ya ndoo. Samaki alikuwa na kibuluu kwenye mapezi. Mke wangu hakunisema. Angenisema ningejua pa kuanzia. Alikaa chini pale jikoni, mkono mmoja kwenye ukingo wa beseni, akasema kwa sauti ndogo kwamba huyu ndiye aliyebaki, vingine vyote vya mama viligawiwa.

Nikasema atapona. Nikasema kwa sauti kubwa ili na mimi nisikie.


Ijumaa, 8 Machi

Amelala ubavu. Anapumua, lakini ubavu. Mkia umechanika kama pazia la zamani.

Roho imeniruka. Nimefunga kazi, nimekwenda kwa mama mmoja mwenye duka la samaki wa mapambo nyuma ya soko. Mwanamke mnene, mkali, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Nikamweleza usafi nilioufanya, hatua kwa hatua, nikitegemea anisifie. Akaweka chini wavu wake. Akaniuliza kama na tumbo langu huwa nalipiga deki kwa dawa ya madoa.

Kisha akanipa somo mbele ya wateja. Eti samaki anajisaidia humo humo anamoishi, na choo chake ni sumu kwake. Kinachomwokoa ni vijidudu visivyoonekana, vinaishi kwenye ute wa sponji na kwenye mawe, vinakula ile sumu. Mimi nimevifua vikafa vyote. Maji ya bomba yana dawa, ndiyo maana hukaa wazi kwanza. Chakula kingi kinaoza. Nikamwambia nimekuja kununua, sikuja kusoma. Akasema kwa ninavyoonekana nahitaji vyote viwili.

Hapo ndipo nikamwona. Kwenye tangi la tatu, anaelea polepole: Bi Harusi kabisa! Ukubwa ule ule, dhahabu ile ile, mkia ule ule wa shela. Tena huyu ni bora. Hana lile doa jeupe. Kidogo nimbusu yule mama.

Nimemnunua. Mfuko wa maji, fundo juu, nyumbani. Ila mama wa samaki kanionya nikiwa mlangoni: nikimtia kwenye tangi lile lilivyo, na huyu atakufa. Nimwage ile buluu yote, nitie maji yaliyotulia, kisha nitafute mtu mwenye tangi la siku nyingi anigawie uchafu wa sponji yake. Vijidudu vitahamia kwangu.

Mtu mwenye tangi la siku nyingi. Sponji ambayo haijawahi kuona sabuni.

Hapana. Hapana, hapana, hapana. Bora nife mimi.


Jumamosi, 9 Machi

Sikufa. Nimekwenda kwa Wembe. Lakini sikwenda kuomba. Nimekwenda kuiba.

Mpango ulikuwa safi kama kola ya padri. Naingia saluni kama mteja, themosi ya chai mkononi, tupu. Nakaa kiti kilicho karibu na tangi. Namwomba taulo la moto, na taulo za moto ziko chumba cha nyuma. Akienda, nainuka, naikamua sponji ndani ya themosi, nakaa. Kabla mtu hajapepesa kope.

Sikukumbuka kuwa Jumamosi benchi linajaa. Walikuwa wamebanana pale wakisubiri zamu, wote wanatazama mbele, na mbele ni mimi. Haya, nikajikaza. Wembe akaanza kunyoa, upande wa kulia ukaisha. Nikaomba taulo la moto. Akashangaa, akaenda. Nikaruka! Mkono ndani ya tangi mpaka kwenye bega, nikaikamata, nikaikamua. Lo, uchafu ule! Wingu la kahawia, zito, la kutisha. Nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Nikakinga themosi. Samaki wake wakanijia kuninusa vidole. Mtu mmoja kwenye benchi akaniuliza kwa huruma kama kuna kitu nimeangusha. Mwingine akasema niachwe, labda ni dawa.

Wembe aliporudi nilikuwa nimekaa, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa nusu, mkono wa shati unachuruzika sakafuni. Nikasema joto kali leo. Akasema ndiyo, kali.

Akaendelea kunyoa. Nikawa nageuka geuka kuangalia kama themosi haivuji, naye kila nikigeuka anakosea mstari, anashusha zaidi kusawazisha. Tumeishia kipara. Kinang'aa. Naweza kupigia watu ishara.

Nikiwa nimeshafika nje akanifuata na mfuko wa plastiki. Ndani yake nusu ya sponji, ameikata kwa mkasi wake wa kazi, ingali na maji yake. "Mwanyumba, ungesema tu," akaniambia. "Yule samaki ni wa mama."

Nikamwambia sielewi anazungumzia nini. Mfuko nikauchukua.


Jumapili, 10 Machi

Hospitali mbili zimefunguliwa nyumbani kwangu. Jikoni: Bi Harusi kwenye beseni, pampu, na nusu ya sponji ya Wembe. Daktari ni mke wangu. Sebuleni: tangi la kioo limesuuzwa buluu yote, maji yaliyotulia, uchafu wa themosi, pampu mpya ya dukani, samaki mpya. Daktari ni mimi. Chakula kaficha mke wangu, anatoa kwa chembe, kama chumvi ya kukopa.

Asubuhi nimemwona akizungumza na beseni. Alikuwa anaeleza kwamba Baba ameshatolewa bandeji na anaendelea vizuri. Nimeondoka kwa kunyata. Kifua kilinibana kidogo. Itakuwa ni ile dawa ya madoa.


Jumanne, 12 Machi

Ameinuka! Bi Harusi anaogelea wima! Amekula chembe zake, akatema moja, akaila tena. Mke wangu amenikumbatia, akakisugua kipara changu kwa mikono miwili. Nimemwambia niliahidi atapona, na mimi nikisema kitu kinakuwa.

Maji ya beseni yana rangi kama ya chai ya Wembe. Bi Harusi na mke wangu wamependana na uchafu huo. 

Sasa tuzungumze ukweli. Bi Harusi yu hai, ndiyo, lakini hatazamiki. Mkia una matundu. Rangi imefifia kama nguo iliyofuliwa na dobi mwingine. Na sebuleni kuna huyu wa kwangu, anawaka kama taa. Baba mkwe anakuja keshokutwa, macho mapya, na Wembe atakuwepo. Chumba cha mbele atapewa nani? Mwenye samaki wa kupendeza au mwenye mgonjwa kwenye beseni?

Nimeamua. Atamwona wa sebuleni. Yule mwingine atakaa jikoni apone, baadaye tutawabadilisha taratibu, nani atajua.

Mke wangu akasema Baba atajua. Nikamuuliza atajuaje, na hajamwona samaki yule sawasawa tangu ukungu uanze? Atalinganisha na nini? Akafungua mdomo, akafunga. Nimemweza. Kisha akasema mimi nifanye nitakavyo, ila yeye hatamdanganya baba yake. Akiulizwa atasema. Nikamwambia hataulizwa. Nimeshapiga pasi shati la bluu.


Alhamisi, 14 Machi



Walifika wote saa za mchana, Baba mkwe katikati, miwani myeusi, shemeji kamshika mkono, Wembe nyuma na begi. Mzee akasimama mlangoni akavua miwani. Akatazama mlango, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Akaangua kicheko. Akauliza nywele zangu zimepatwa na nini. Nikamwambia joto. Wembe akatazama dari.

Nikampeleka kwenye tangi kama bwana shughuli. Taa nimeiwasha, kioo kimefutwa, samaki wangu anacheza mbele kwa maringo. Hotuba ilikuwa tayari kinywani: juhudi, usafi, chumba cha mbele. Baba mkwe akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Akakaa hivyo. Akamfuata samaki kwa macho kwenda, akamfuata kurudi.

Akamwomba mke wangu afungue pazia, mwanga uongezeke. Pazia likafunguliwa. Akatazama tena. Kisha akajinyoosha na kucheka, lakini kicheko hakikuwa na mtu ndani.

Akasema, "Kumbe alikuwa ananitania."

 Akakaa kwenye kiti, akaeleza. Siku walipomleta samaki nyumbani, mama mkwe alimwambia mzee amtazame vizuri, ncha ya mkia ni nyeupe, kama ametoka kuichovya kwenye maziwa. Mzee akatazama, asione weupe wowote. Mama akasema upo. Mzee akasema haupo. Wakabishana, kila siku, asubuhi na chai, huyu upo, huyu haupo. Mwisho mama akasema tatizo si samaki, tatizo ni macho yako, akamburuta kwa daktari. Ndiyo ukungu ukajulikana. Na mama alipokuwa mgonjwa kitandani bado anamwambia, ipo siku utauona, utaniomba radhi.

"Basi nimekuja kuomba radhi," akasema Baba mkwe, "na weupe wenyewe haupo." Akasema si kitu, ni mambo ya wazee. Akatoa leso akafuta macho, yale macho ambayo daktari kamkataza kuyagusa.

Mke wangu alikuwa ananitazama.  Hakuulizwa.

Wembe naye alimtazama samaki, akaniangalia mimi. Alijua! Alimwona Bi Harusi kwa karibu Jumatano ile. Neno moja tu lingenizika, na chumba angekichukua palepale.  Akaangalia viatu vyake.

Mimi akilini nilikuwa nasema nyamaza, nyamaza, yatapita, mzee atazoea. Hayo nilikuwa nayasema. Miguu ikaenda jikoni. Sijui niliituma saa ngapi. Nikainua beseni na pampu yake na mrija wake, nikarudi nayo sebuleni, maji yanamwagika kwenye suruali niliyoinyoosha kwa pasi mara mbili, nikaliweka mezani mbele yake.

Nikasema, Baba, Bi Harusi ni huyu. Yule pale nilimnunua Ijumaa. Huyu nilikaribia kumuua kwa sabuni.

Yote nikayasema. Dawa ya madoa, buluu, themosi. Nilipofika kwenye themosi, Wembe akajifanya anakohoa.

Baba mkwe hakunisikiliza. Alikuwa ameinama juu ya beseni. Maji ya rangi ya chai, samaki aliyechakaa, mkia wenye matundu. Na ncha yake, bado ipo, nyeupe pee. Bi Harusi akapanda juu, akafungua mdomo, akafunga.

Mzee akakaa pale mpaka shemeji akaogopa mgongo wake. Mwisho akasema, si kwetu, polepole kama mtu anayerudisha kitu cha watu: "Haya, mama. Umeshinda."

Mke wangu akalia waziwazi. Shemeji akalia. Wembe akaenda kuangalia mtaani. Mimi nililia pia, lakini machozi yangu yalikuwa ya buluu, ilikuwa imebaki kwenye vidole.

Chumba cha mbele? Mzee kakichukua mwenyewe. Ataweka kiti dirishani, na tangi jipya pembeni ya kiti, atazame samaki na watu wapitao, maana amekosa mengi. Maji atabadilisha mke wangu. Sponji ataangalia Wembe. Mimi nimeruhusiwa kutazama, mikono ikiwa mfukoni. Kisha akanishika bega, lile lile la siku ya kwanza, akaniambia yule wa sebuleni nibaki naye, na tangi lake. Akasema mtu aliyekimbia na beseni vile anastahili samaki.


Jumamosi, 16 Machi

Nimekuwa mtu mpya. Shajara, shuhudia.

Kwanza nimejua mimi ni mkweli, jambo nililolihisi siku nyingi. Pili, Baba mkwe ananipenda kuliko Wembe: Wembe kapewa sponji, mimi nimepewa samaki mzima. Tatu, nimeuelewa uchafu. Mama wa samaki alikuwa sahihi, Wembe naye kwa bahati alikuwa sahihi. Uchafu ni uhai. Nimemweleza mteja aliyekuja kuchukua koti lake, akalikagua koti mara mbili kabla ya kuondoka.

Samaki nimemwita Bwana Harusi. Anaendelea vizuri sana. Maji yameanza kuwa na rangi kidogo, mawe yana utelezi, sponji imekuwa ya kahawia. Sijagusa. Nimetembea nikapita karibu yake asubuhi nzima, sikugusa.

Ila kesho Baba mkwe anakuja kumtazama Bwana Harusi. Kwa macho yale mapya! Mtu ambaye sasa anaona ncha ya mkia, hataona sponji ya kahawia kwenye nyumba ya dobi? Watu watanifikiriaje? Kuna uchafu, na kuna uchafu. Ule wa nyuma, unaotazama ukuta, ubaki, hata mama wa samaki atakubali. Lakini upande wa mbele, ule unaowatazama wageni, ukifuliwa kidogo tu? Kwa sabuni ya watoto, isiyo na harufu. Vijidudu vitasogea upande wa pili, vingoje wageni waondoke, virudi. Si vina akili? Vimeishi kwa Wembe miaka yote hiyo.

Nimetafuta sabuni ya watoto, sijaipata. Na ile ya unga haipo mahali pake. Buluu pia haipo. Ajabu.

Nimemkuta mke wangu jikoni akitega ndoo ya maji, wazi, bila kifuniko, na pembeni ameweka beseni na chujio la chai. Simu iko sikioni, anazungumza na dada yake, anasema mwambie mumeo aibakize ile nusu nyingine ya sponji. Nimemuuliza maji ya nini. Kasema ya akiba tu.

Sijui anahofia nini. Nitatumia sabuni ya kipande.